Mshale Ukiwa Kwenye Nane

Babu alinifundisha kusoma saa barazani kwake Ngamiani, Tanga, kwa saa yake ya mkononi yenye mkanda wa ngozi ulionuka jasho na mafuta ya nazi. Alikishika kidole changu, akakiweka juu ya mshale mfupi, kisha akakivusha kioo kizima hadi upande wa pili. "Mshale uko kwenye nane," alisema, "wewe soma ng'ambo yake. Saa mbili." Bila shaka nawe ulivushwa hivyo hivyo na mtu wa kwenu.

Kila usiku, ngoma ya taarifa ya habari ikilia Radio Tanzania, babu aliipatia saa majira, akaitia ufunguo kwa kidole gumba na cha shahada, taratibu, mpaka kamani ikakataa. Ikianza kupoteza dakika nyingi tuliipeleka kwa fundi saa, mzee aliyekaa nyuma ya kijimeza cha kioo kwenye kibaraza cha duka, lenzi nyeusi kaibana kwenye jicho, kibano mkononi, na kando yake kisosi cha petroli ya kuoshea vigurudumu. Nilisimama pale nikivuta harufu ile, nikitazama vyuma vyembamba kuliko kucha vikirudishwa kimoja kimoja mahali pake.

Kibaraza kipo hadi leo. Kinauza makava ya simu.

Kisha zikaja saa za betri zenye namba tupu, na nukta mbili katikati zikipepesa. Tulizipenda sana, tukajifunika shuka usiku ili tubonyeze kile kitaa chake. Lakini hazikuwa na ng'ambo. Mtoto aliyeona 8:00 ilimbidi atoe sita kichwani ndipo apate saa mbili.

Mwaka jana niliunda saa yangu mwenyewe, kwa sababu hiyo moja. Nilinunua chipu, kioo kidogo, betri ya kifungo ya volti 3, na fuwele ya kwatsi isiyozidi punje ya mchele. Umeme ukipita, fuwele hiyo hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Chipu huigawa hesabu hiyo kwa mbili, mara 15 mfululizo, hadi ibaki moja, nayo ndiyo sekunde. Nililehemu usiku tatu, moshi ukiniwasha macho, nikakumbuka kile kisosi cha petroli. Kisha nikaandika programu, na ndani yake mstari mmoja wa kutoa saa sita.

Asubuhi ya nne, jua likiwa limeshachomoza upande wa baharini, kioo kiliandika 1:00. Saa moja asubuhi. Niliketi kitambo nikiitazama.

Niliongeza jambo jingine. Saa ya babu ilikuwa na kidirisha cha tarehe, na tarehe ile iligeuka usiku wa manane kama ilivyopangwa kiwandani, ingawa yeye mwenyewe aliihesabu siku kuanzia jua linapotua. Yangu hubadili siku saa kumi na mbili jioni. Alhamisi ikichwa, kioo huandika Ijumaa, na usiku wa Ijumaa huwa ni usiku wa Ijumaa kweli. Haihitaji kutiwa ufunguo, wala haipotezi zaidi ya sekunde chache kwa siku. Babu angeifurahia, nina hakika.

Ila ikifa, hakuna wa kumpelekea. Chipu haifunguliwi kwa kibano. Hutupwa, ikawekwa nyingine. Na juzi nilimvisha binti yangu mdogo, nikamuuliza ni saa ngapi. Alisoma papo hapo, akanivulia, akaenda zake. Hakuhitaji kidole changu. Nilikuwa nimeijaza saa ile kila alichonifundisha babu, nikasahau kwamba kufundishwa kwenyewe ndiko kulikoniweka kwenye baraza lile, bega kwa bega na mzee, jioni baada ya jioni.

Sasa mkononi navaa yangu, na ya babu nimeitoa kabatini. Huenda nanyi mnayo moja, imelala bure kwenye mtoto wa meza. Itie ufunguo leo. Mwite mtoto, mshike kidole, kiweke kwenye nane, halafu mvushe.