Intaneti ya Nyumbani: Ipi Yatufaa Sisi wa Vijijini?

Ndugu msomaji, huenda nawe nyumbani kwako mmekwisha kulizungumza jambo hili. Kwetu Taita tulilizungumza majuma matatu. Binti yetu asomea ualimu kwa masomo ya jioni ya intaneti, kwa kuwa ndiye amtunzaye bibi yake mgonjwa. Asipoyapata masomo hapa, itambidi amwache bibi, akapange chumba mjini. Basi kwetu haikuwa anasa.

Waya wa nyuzi za kioo wakomea barabara ya lami, huo tuliuacha. Yalibaki mawili: laini ya simu, au sahani ya setilaiti.

Akina baba wengi wapenda sahani, maana majirani huiona! Setilaiti za zamani zipo juu karibu kilomita 36,000, hata jibu huchelewa nusu sekunde na watu huingiliana maneno. Hizi za Starlink, ziuzwazo Kenya tangu mwaka 2023, zapita juu kilomita 550 hivi, na mazungumzo huenda vizuri. Lakini sahani yataka mbingu wazi, nasi tumezungukwa na miparachichi. Tena yataka umeme. Hebu piga hesabu nawe: ikila wati 75 kwa saa 10, ni wati-saa 750. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 huchukua 1,200, lakini ile ya asidi usiishushe kupita nusu, isije ikafa mapema. Zabaki 600. Taa je, utaziwasha kwa nini?

Kwa hiyo tuliijaribu laini. Tuliazima kwa majirani simu za kampuni mbalimbali, tukazunguka uani asubuhi, na tena saa mbili usiku, maana saa hiyo kijiji kizima chagombea mnara mmoja. Ndani hapakuwa na kitu, kwa kuwa mabati huzuia mawimbi. Nje, upande wa mnara, ilishika vema. Dawa yake ni antena ya nje juu ya mlingoti, na waya mfupi mpaka kwenye kifaa cha ndani. Na muuzaji akikuambia "bila kikomo", mwulize mwendo hupunguzwa baada ya kiasi gani.

Mama watoto aliuliza kwanza ada ya mwezi, naye alikuwa na haki: kifaa hulipiwa mara moja, ada hurudi hata mahindi yakikosa mvua.

Mlingoti tuliukata wenyewe. Binti amekwisha kufanya mtihani wake wa kwanza, bibi akiwa amelala chumba cha pili.