Shinyanga, Mji wa Almasi Uliopitwa Njiani

Ndugu msomaji, ukitoka Nzega kwa motokaa kuelekea kaskazini utafika mahali paitwapo Tinde. Hapo njia hugawanyika. Mkono wa kushoto ni njia ya Isaka na Kahama, nayo huendelea hadi Rwanda, Burundi na Kongo. Mkono wa kulia ni njia ya Shinyanga na Mwanza. Simama hapo robo saa tu, uyatazame malori yenye matela marefu yanavyokata kushoto, moja baada ya jingine. Ukiyaona hayo umekwisha kuelewa nusu ya habari ninayotaka kukueleza. Nusu iliyobaki itakubidi ukate kulia pamoja nami.

Mimi ni karani wa parokia katika mji wa Shinyanga, na kabla ya kazi hii nilisomea ualimu. Miaka michache iliyopita mwenzangu tuliyesoma naye chuoni, mwenyeji wa Geita, alikuja kunitembelea. Nilimpokea stendi, tukapita sokoni, tukafika Nguzo Nane, tukazunguka mpaka stesheni ya reli. Aliyatazama yote kwa adabu, kisha akaniuliza, "Sasa, mwalimu, mji wenyewe uko wapi?" Nikamjibu, "Ndio huu tuliopita." Akacheka, nami nikacheka naye, lakini kicheko changu hakikutoka moyoni. Usiku ule nilikosa usingizi, nikitafuta majibu ambayo ningempa mgeni wangu. Majibu yenyewe nakuletea wewe leo.

Kwanza ningemwambia kwamba Shinyanga si mji wa jana. Reli ya kutoka Tabora kwenda Mwanza ilikamilika mwaka 1928, nayo ilipita hapa. Pamba ya Usukuma, ng'ombe na ngozi vilipata njia ya kwenda pwani na ng'ambo. Mwaka 1945, Waafrika walipoingizwa kwa mara ya kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, walikuwa wawili tu: Mangi Abdiel Shangali wa Machame, na Mtemi Kidaha Makwaia wa Busiya, nchi iliyo hapa kwetu. Mwaka 1963 Shinyanga ukawa mji mkuu wa mkoa, na mkoa wenyewe ulikuwa mpana: Bariadi, Maswa, Meatu, Kahama na Bukombe, wote walileta mashauri yao hapa.

Kisha ningemtajia almasi. Mwaka 1940 John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, aligundua almasi huko Mwadui, kaskazini mashariki ya mji wetu. Mwamba wenye almasi hizo una eneo la hekta 146, na ni miongoni mwa mikubwa kabisa duniani. Mwaka 1947 likatoka jiwe la rangi ya waridi lenye karati 54.5. Williamson akamtunza nalo Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa ajili ya harusi yake. Lilipochongwa lilibaki karati 23.6, na mwaka 1953 likatiwa katikati ya kipambo cha kifuani chenye umbo la ua. Basi tangu wakati huo mpaka alipofariki mwaka 2022, malkia yule alikuwa na kipande cha ardhi ya Usukuma katika vipambo vyake. Wazee wetu wakijivuna kwa habari hiyo, usiwalaumu.

Lakini, ndugu msomaji, hapo ndipo penye uchungu wetu pia. Jiwe lile lilitoka ardhini Mwadui likaenda London. Mjini Shinyanga halikuacha kitu. Williamson alijenga mji wake ndani ya uzio: nyumba za wafanyakazi, hospitali, shule, maduka, hata uwanja wa ndege. Ulikuwa mji mzuri, na waliokaa humo wanausifu mpaka leo. Ila uzio ni uzio. Fedha nyingi ziliishia ndani, na almasi zikapaa juu ya vichwa vyetu. Williamson alipofariki mwaka 1958, mgodi ukawa wa kampuni ya De Beers na Serikali, nusu kwa nusu, na tangu hapo umebadilisha wenye hisa mara kadhaa. Tena Mwadui leo iko katika Wilaya ya Kishapu, na ushuru wa huduma hulipwa kwa halmashauri ya pale mgodi ulipo. Watu wa mbali hudhani kwamba sisi wa mjini tumekalia almasi. Kumbe tumekalia jina tu.

Jambo kama hili lilitokea kwingine. Huko Afrika Kusini mji wa Kimberley uliinuliwa na almasi tangu mwaka 1871, na mwaka 1882 ulikuwa na taa za umeme barabarani, kabla ya miji mingi ya Ulaya. Mwaka 1886 dhahabu ikaonekana mahali palipokuwa mashamba matupu, na hapo pakazaliwa Johannesburg. Leo kila mtu anaijua Johannesburg, na Kimberley watu huenda kutazama shimo kubwa lililobaki. Nasi tunayo Johannesburg yetu. Jina lake ni Kahama.

Nilipokuwa mtoto, Kahama ilikuwa wilaya moja ya mkoa wetu, mji wa vumbi na wafanyabiashara wa mpunga. Halafu mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu ukaanza kuzalisha mwaka 2001, na ule wa Buzwagi mwaka 2009. Malori ya kwenda nchi za jirani nayo yakawa yakipita na kulala huko. Reli iliyoijenga Shinyanga ilizidi kuchoka, na lami ya kwenda Rwanda ikaijenga Kahama. Mwaka 2021 Kahama ikawa manispaa, na katika sensa ya mwaka 2022 manispaa hiyo ilikuwa na watu zaidi ya 450,000, wakati Shinyanga, mji wa mkoa, ilikuwa na zaidi ya 210,000. Mdogo amempita kaka yake, na kwa mbali.

Hesabu hizo mimi sikuzisoma kitabuni kwanza. Niliziona mezani pangu. Karani wa parokia ndiye huandika barua za wanaohama na kutafuta majina yao katika kitabu cha ubatizo. Asubuhi moja alisimama mlangoni kijana fundi cherehani. "Mwangaluka, mwalimu," akasema. Nikamwitikia. Alitaka barua ya kwenda nayo parokia nyingine. Nikamwuliza, "Unahamia wapi?" Akajibu, "Kahama." Nikamwambia, "Hapa si una wateja?" Akatabasamu, akasema, "Wateja ninao, mwalimu, ila ni wale wale. Nguo ya mtu mmoja siwezi kuishona mara tatu." Nikamwandikia barua yake. Nje alikuwa ameifunga cherehani juu ya baiskeli kwa mpira, tayari kwa stendi.

Nami nisijifanye mwema kuliko yule fundi. Mwaka uliofuata mke wangu alinishauri twende tukaulizie kiwanja Kahama, kwa kuwa kaka yake ana duka huko na mambo yake si mabaya. Nilikwenda. Niliona ghorofa zinapanda, maduka yako wazi mpaka usiku, watu wanatembea upesi. Nikaoneshwa kiwanja, nikaambiwa na bei yake. Nikasema nipeni mwezi mmoja nitafute fedha. Njiani kurudi sikutaka hata kuutazama mji wangu.

Katika mwezi ule nilikwenda kijijini kumsalimu babu, akanituma nikamtafutie ndama aliyepotea katika ngitili yake. Msomaji usiye wa Usukuma, ngitili ni sehemu ya malisho ambayo mwenyewe huifunga wakati wa masika, mifugo isiingie, ili majani na miti vikue na ng'ombe wapate chakula kiangazi kikifika. Niliingia kati ya migunga, kivuli kikanifunika, ndege wakaruka. Nikakumbuka alivyotusimulia babu kwamba alipokuwa na umri kama wangu hapakuwa na mti hata mmoja mahali pale.

Ni kweli. Tangu miaka ya 1920 misitu ya Shinyanga ilikatwa kwa nguvu ili kumfukuza mbung'o aliyeua ng'ombe na kuwaletea watu malale. Baadaye mashamba ya pamba, mifugo mingi na kuni vikamaliza kilichobaki, mpaka nchi yetu ikaitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango ulioitwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa kifupi HASHI. Wataalamu walianza kwa kuleta miche, kisha wakaona busara kuwauliza wazee walikuwa wakifanyaje zamani. Wazee wakawajibu: ngitili. Wakati ule zilizojulikana zilikuwa za hekta 600 hivi tu katika mkoa mzima. Haikupita miaka 20 zikawa zaidi ya hekta 300,000. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Nikakaa chini ya mgunga nikasahau ndama. Hakuna aliyekuja kutuletea msitu ule kutoka mbali. Ulirudi kwa sababu watu waliacha kitu kibaki mahali pake mpaka kikakomaa. Ndipo nikaona kasoro yetu sisi watu wa mjini. Tumezoea kuisema Serikali, makampuni na barabara, na hakika kila mmoja ana lake la kujibu. Lakini mwenye ng'ombe wengi kwetu hujenga nyumba Mwanza. Mwenye duka lililofaniki hufungua la pili Kahama. Mwalimu mwenye akiba huenda kuulizia kiwanja kwingine. Hapo penye mji wetu kila mtu anachunga, wala hakuna anayefunga ngitili. Wahenga walisema: Penye miti hapana wajenzi.

Tena dhahabu nayo ina mwisho. Mgodi wa zamani wa Geita ulianza kazi miaka ya 1930 na ukafungwa mwaka 1966, na mji ule ukalala zaidi ya miaka 30 mpaka mgodi mpya ulipoanza mwaka 2000. Buzwagi, niliyokutajia kuwa ilianza mwaka 2009, ilikoma kuchimba na ikafungwa mwaka 2021. Mwaka huo huo alikuja ofisini kwangu baba mmoja aliyekuwa amehama, akitaka kuandikisha upya familia yake, kwa maana kazi ya mgodini ilikuwa imekwisha. Sikumcheka. Nilimtafutia ukurasa wake wa zamani, nao ulikuwepo. Ila nilikumbuka mithali isemayo: Usiache mbachao kwa msala upitao.

Usinielewe vibaya, ndugu msomaji. Siwaonei Kahama kijicho. Wao walipopata, walijenga pale pale walipopatia, na hilo ndilo tunalopaswa kujifunza kwao. Wala mji wetu hauko mikono mitupu. Tangu mwaka 2009 tunakunywa maji ya Ziwa Viktoria yatokayo Ihelele, na akina mama wanaokumbuka foleni za ndoo kabla ya hapo watakueleza maana yake. Kuna chuo cha ushirika Kizumbi. Reli mpya ya kutoka Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, iliwekewa jiwe la msingi mwaka 2021, na ikimalizika itapita tena kwetu kama ile ya mwaka 1928. Swali ni moja tu: safari hii itatukuta tumeandaa nini cha kupakia? Ikitukuta na marobota ya pamba ya kushonwa nchi nyingine na ng'ombe wa kuchinjwa miji mingine, itafanya kama ndege za Mwadui. Itachukua, iende zake.

Kwa hiyo mwezi ulipokwisha nilimpigia shemeji yangu simu nikamwambia amwarifu mwenye kiwanja ampe mtu mwingine. Mke wangu alinuna siku mbili. Siku ya tatu aliniuliza, "Sasa fedha yenyewe tunaifanyia nini?" Tukanunua tofali, si nyingi, tukaanza msingi huku huku mjini, upande wa Ndala. Mafundi ni wa mtaani kwetu, na mlango utatengenezwa na seremala wa hapa hapa. Najua nyumba moja haifanyi mji. Lakini hata ngitili ya babu ilianza na kipande ambacho mtu angeweza kukizunguka kwa miguu akiwa anavuta kiko chake.

Mwenzangu wa Geita ameahidi kuja tena. Safari hii sitaanza na stendi wala soko. Nitampeleka kwanza katika ngitili, ndipo nimlete mjini. Nawe pia, ukifika Tinde, usiyafuate malori. Kata kulia. Ukikuta msingi bado haujapanda sana, niwie radhi, tunaendelea kidogo kidogo.