Taa Isiyotembea

Kisiwa cha Chumbe, kusini mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, usiku hulala na watu wachache, pengine hawajazi daladala moja ya Bunda kwenda Musoma. Ila kina mnara wa taa. Waingereza waliujenga mwaka 1904 kuongoza meli. Walinzi wa taa waliishi papo hapo. Msikiti wao mdogo bado umesimama, na nyumba yao sasa hupokea wageni wa hifadhi ya matumbawe.

Mwaka 1926 mnara ulifungiwa taa ya gesi ya AGA, kampuni ya Sweden, na hapo ndipo niliponasa. Mhandisi wa AGA, Gustaf Dalén, alikuwa amebuni vali inayoendeshwa na jua. Ndani yake mna fito, mojawapo nyeusi. Mchana ile nyeusi hunyonya mwanga, hupata joto, hurefuka kidogo na kuziba gesi. Giza likiingia hunywea, gesi hupita, taa huwaka. Hakuna anayepanda ngazi na kiberiti. Mwaka 1912 mlipuko wa asetilini ulimpofusha Dalén. Mwaka huohuo akapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Aliiongoza kampuni miaka mingine 25 bila kuona.

Nilimpigia baba mdogo nikamsimulia. Yeye huvua dagaa Musoma, usiku wa giza, kwa taa. Kukiwa na mbalamwezi dagaa hawaijali taa yako, kwa hiyo hupumzika. Anayesimama ufukweni usiku huona taa nyingi akadhani kuna mji ziwani. Lakini hizo ni za kuita samaki, tena zinatembea, kila moja na upepo wake. Wa kukuonyesha nyumbani hayumo. Wavuvi hurudi kwa kutazama taa za nchi kavu.

Nilipokuwa kidato cha pili, usiku mmoja umeme ulikatika mji mzima, na upepo ukageuka. Mama, ambaye ni mtu wa Butiama na hajawahi kuliamini ziwa, alishuka ufukweni na mama mdogo. Wakawasha majani makavu. Yalipoisha wakachoma stuli, kisha mlango wa banda la kuku. Baba mdogo alifika saa tatu asubuhi akipiga makasia, mikono imechubuka. Moto hakuuona hata kidogo. Alikuwa amesukumwa upande wa pili wa rasi. Mama mdogo hakumwambia neno. Alimpa uji.

Sasa alinisikiliza habari za vali hadi mwisho, akauliza bei. Nikamwambia siku hizi kuna taa za sola, zinajiwasha zenyewe jioni, na bei yake si kubwa.

"Hizo nazijua, mwanangu," akasema. "Tuliwahi kuchangishana hapa mwaloni, tukaifunga moja juu ya nguzo. Haikumaliza wiki, ikaibwa. Sasa tunatafuta mtu wa kuilinda kabla hatujanunua nyingine."