Rangi za tovuti: anza na kijivu

Swali ninaloulizwa zaidi siku hizi si la programu wala la seva. Ni hili: "Nitumie rangi gani kwenye tovuti yangu?" Anayeuliza huwa tayari ana rangi anayoipenda, anatafuta tu mtu wa kumwambia ni nzuri. Mimi humjibu aanze na kijivu, naye huniona sina maana.

Lakini hebu tukitazame Kiswahili chenyewe. Rangi zilizo vivumishi halisi, zinazobadilika kufuata jina, ni tatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Twasema shati jeupe, kiti cheusi, mlango mwekundu. Nyingine nyingi tumezipa majina ya vitu: kijani ni ya majani, manjano ni kile kiungo cha jikoni, kahawia ni ya kahawa, zambarau ni tunda, samawati ni ya mbingu, na kijivu ni ya jivu. Mwaka 1969 Brent Berlin na Paul Kay walichapisha kitabu wakidai kuwa lugha ikiwa na majina mawili tu ya rangi, hutenganisha mwangavu na giza, na jina la tatu likija huwa ni nyekundu. Wataalamu wengine wamewapinga, na ubishi huo nawaachia wenyewe. Mimi nautumia mpangilio huo kwa kazi: kwanza weupe na weusi, halafu rangi moja kali, mengine baadaye.

Sababu iko ndani ya skrini. Kila nukta unayoiona ina sehemu tatu za mwanga: nyekundu, kijani na buluu. Kila moja hupewa namba kuanzia 0 hadi 255, na ukizidisha 256 mara tatu unapata rangi 16,777,216. Mwanga haufanyi kama rangi ya kopo. Ukipaka nyekundu juu ya kijani unapata tope. Ukiwasha mwanga mwekundu na wa kijani pamoja unapata manjano. Na jicho halizipi sehemu hizo tatu uzito sawa. Katika hesabu ya mwangaza inayotumiwa kwenye wavuti, kijani hubeba 0.7152, nyekundu 0.2126, na buluu 0.0722 tu. Kijani kikali kina mwangaza karibu mara kumi ya buluu kali! Ndiyo maana maandishi ya buluu juu ya ukurasa mweupe husomeka vizuri, ilhali ya manjano hupotea kabisa hata kama rangi yenyewe imekolea.

Shirika la W3C lilitoa mwongozo wake wa WCAG 2.0 mwaka 2008, na humo tofauti ya mwangaza hupimwa kwa uwiano. Mweusi juu ya mweupe ni 21 kwa 1. Maandishi ya kawaida yanatakiwa kufika angalau 4.5 kwa 1, makubwa 3 kwa 1. Buluu kali juu ya mweupe ni 8.59. Nyekundu kali ni 4.0. Manjano ni 1.07, yaani ni kama hukuandika kitu. (Kwa wanaopenda vituko: kijivu #777777 kinapata 4.48 na kufeli, #767676 kinapata 4.54 na kupita. Na katika CSS rangi iitwayo darkgray ni nyeupe zaidi kuliko gray. Usiniulize.)

Sasa, haya si mambo ya urembo. Niliwahi kuitwa na chama cha ushirika cha wakulima wa maziwa warekebishe tovuti yao, ambayo ilikuwa imetengenezwa na mtu mwingine. Mwanachama aliingia kwa simu, akaona kilo alizoleta na malipo ya mwezi. Makato ya dawa na lishe yalikuwa pale pale, kwa herufi ndogo za kijani hafifu, #90EE90, juu ya mweupe. Uwiano wake ni 1.4. Watu walisoma jumla, wakapokea pesa pungufu, wakaanza kumwita karani mwizi. Karani yule alikuwa mama wa makamo aliyekuwa na vitabu vyake vyote sawasawa, na kulikuwa na pendekezo la kumsimamisha kazi.

Mwenyekiti hakutaka kusikia habari ya kubadilisha rangi. "Kijana, sisi ni watu wa nyasi na ng'ombe. Rangi yetu ni kijani."

"Kijani kitabaki, Mzee," nikamwambia. "Naomba tu tutoke nje."

Ofisini, pazia likiwa limefungwa, makato yalionekana kwa shida. Nje, saa saba mchana, hayakuwepo. Jua likipiga kioo cha simu, mwanga unaorudi hujiongeza juu ya kila kitu, herufi na ukurasa pamoja, na tofauti ndogo iliyokuwepo humezwa. Mzee aliizungusha simu, akaifunika kwa kofia, akamwita karani aje aone. Nilipoweka #006400, kijani kilichokolea cha majani ya msitu, uwiano ulifika 7.44, na makato yakasomeka bila kofia. Pendekezo lile halikurudi tena mkutanoni.

Kulikuwa na jambo la pili kwenye ukurasa huo huo: duara la kijani kwa malipo yaliyotumwa, jekundu kwa yaliyokwama. Kuna watu, wengi wao wanaume kwa kuwa hali hii hurithiwa kupitia kromosomu ya X, ambao hawatofautishi nyekundu na kijani vizuri. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya Kaskazini ni kama 1 kati ya 12. Mark Zuckerberg ni mmoja wa wenye hali hiyo. Tukaandika maneno kando ya duara: "Yametumwa", "Yamekwama". Kazi ya dakika tano.

Mfano ninaoupenda zaidi ni bendera yetu ya 1963. Nyekundu yake na kijani chake, ukizipiga picha isiyo na rangi, hukaribiana sana. Lakini kati ya milia hiyo kuna mistari myembamba myeupe. Maana yake rasmi ni amani. Mimi naona pia kwamba bila mistari hiyo, ukiwa mbali, milia ingegandana.

Ukitaka kujaribu, simu nyingi zina mpangilio wa kuondoa rangi zote, upo sehemu ya huduma kwa wenye ulemavu. Uwashe, kisha fungua tovuti yako. Kitufe cha kulipia bado kinajitokeza? Bei inasomeka? Kama ndiyo, zima, kisha chagua rangi yako moja kali uipendayo na uiweke pale tu unapotaka mtu abonyeze. Hapo sina neno, hata ukichagua zambarau.