Hibridi au ya Mfukoni

Akiba yangu ya miaka miwili, dola 420, inatosha kamera moja tu. Ninaihitaji kwa kazi ya kuhitimu. Ninakusanya majina ya sehemu za chukudu na ya vyombo vya wauza sambaza hapa Goma, na profesa anayeniongoza ametaka kila neno liwe na picha yake. Sharti hilo ni la haki. Fundi mmoja karibu na soko la Virunga aliniambia kwamba kiatu ni ule mpira wa tairi kuukuu unaopigiliwa kuzunguka gurudumu. Mwingine, dakika kumi tu kwa pikipiki, alisema kiatu ni kile kipande cha kandambili kinachokanyagwa ili kubana gurudumu la nyuma. Bila picha, ningekuwa na neno moja na ugomvi mmoja.

Mtu ataniuliza kwa nini nisitumie simu. Simu yangu inarekodi sauti, na inapokuwa mbele ya mdomo wa mtu haiwezi wakati huohuo kuwa mbele ya gurudumu. Kwa hiyo kamera. Madukani na kwa marafiki nilielekezwa njia mbili: ile kubwa kidogo, ya kubadilisha lenzi, au ile ndogo inayoingia mfukoni.

Majina yenyewe yanastahili dakika moja, maana sisi ni watu wa lugha. Hapa kwetu kamera ni apareyi, picha ni foto, vyote kutoka Kifaransa. Kamera ya zamani ya kubadilisha lenzi ni refleksi: ndani yake mna kioo kilichoinama nyuzi 45, kinachotupa mwanga juu hadi kwenye jicho la mpiga picha, kisha kuruka kwa kishindo kila anapobonyeza. Mwaka 2008 Panasonic ilitoa Lumix G1, ambayo kioo hicho kimeondolewa. Kihisi kinapokea mwanga moja kwa moja na kuuonyesha kwenye skrini. Waingereza waliipa aina hiyo jina la kitu ilichokosa, kioo. Wafaransa waliiita chotara, kwa kuwa imechukua lenzi za refleksi na wembamba wa kamera ndogo, na ndiyo maana muuzaji wa Goma atakuambia hibridi. Nilijaribu siku moja kumweleza dada yangu kwa Kiswahili sanifu kwamba nataka kamera isiyo na kioo. Alicheka. Kwake kioo ni cha kujitazama, ni cha dirisha, ni skrini ya simu, na hata lenzi ni kioo. Kamera isiyo na kioo itaona kwa nini? Nimebaki na hibridi.

Wauzaji wanasema hibridi inashinda kwa sababu kihisi chake ni kikubwa. Nilichukua kalamu. Mifano miwili iliyokuwa ndani ya uwezo wangu, yote iliyotumika, ilikuwa Sony a6000 ya mwaka 2014 na Sony RX100 ya mwaka 2012. Kihisi cha ya kwanza ni milimita 23.5 kwa 15.6, cha ya pili ni 13.2 kwa 8.8. Eneo la kwanza ni zaidi ya mara 3 ya la pili, na kwa mtu anayetaka kupiga picha alfajiri pale Kituku, sambaza wanaposhushwa kabla ya jua kutoka, hilo si jambo dogo. Lakini muuzaji hasemi habari ya lenzi. Hibridi ile huuzwa na lenzi ambayo tundu lake, hata likifunguliwa kabisa, huishia f/3.5. Ile ya mfukoni hufunguka hadi f/1.8. Ukipiga hesabu ya mraba, tundu hilo linapitisha mwanga karibu mara 4 zaidi kwa kila milimita ya kihisi. Basi faida yote ya kihisi kikubwa imeliwa, na ndogo imebaki na akiba kidogo. Ukivuta kitu cha mbali mambo yanageuka, hibridi inaongoza tena. Lakini mimi sipigi ndege wa ziwani. Napiga mikono ya watu iliyo umbali wa hatua mbili.

Bila shaka hibridi ina dawa: unanunua lenzi nyingine yenye tundu kubwa. Dawa hiyo iko nje ya dola 420.

Kuna na vumbi. Mji wetu umejengwa juu ya mawe ya Nyiragongo, tabaka juu ya tabaka, la mwisho la mwaka 2021, na kiangazi mchanga mweusi unaingia hata kwenye sahani iliyofunikwa. Hibridi ukiibadilishia lenzi barabarani, kihisi kiko wazi. Ya mfukoni haifunguliwi, lakini lenzi yake inatoka na kuingia kama shingo ya kobe, na kila ikitoka inavuta hewa pamoja na kilichomo. Vumbi likishafika ndani ya ile ya kwanza unalipuliza. Ya pili lazima ifunguliwe misumari, na mafundi wetu wanaozijua simu kwa kufumba macho hawapendi kuzigusa kamera. Hapa hibridi inashinda, nakubali.

Yote hayo yangeweza kuandikwa na mtu wa mji wowote. Kilichoniamulia ni kingine. Kabla ya kununua nilipata bahati ya kuazima zote mbili: hibridi ya yaya, mtoto wa baba mkubwa, anayepiga picha za harusi, na ya mfukoni ya mwanafunzi mwenzangu. Wiki mbili kwa kila moja, kwa mafundi walewale.

Nilipofika na hibridi shingoni, fundi aliacha kupiga nyundo. Alimtuma mtoto amletee shati. Kisha akauliza:

“Muko wa ONG gani?”

Naomba tuisikilize sentensi hiyo. Nilikuwa peke yangu, nimevaa kandambili, na mtu wa umri wa baba yangu ananiita kwa wingi. Nilipomjibu kwamba mimi ni mwanafunzi, aliitikia kwa adabu na kuendelea kana kwamba sikusema. Alianza kunieleza matatizo ya wananchi wa eneo lile, kwa mpangilio mzuri, kwa Kiswahili cha redio, ngeli zote mahali pake. Nilipomuuliza jina la sehemu hii na ile, alinipa Kifaransa: breki kwa Kifaransa, gurudumu la nyuma kwa Kifaransa. Maneno anayomfokea nayo mwanafunzi wake wa ufundi kuanzia asubuhi hadi jioni aliyaficha, kama mtu anavyoficha sufuria zenye masizi mgeni akija.

Simlaumu. Mji huu umejifunza kamera kubwa zinataka nini. Julai 1994 wakimbizi wapatao milioni moja walivuka kutoka Rwanda, na wapiga picha wa dunia nzima wakawafuata. Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji, wakarudi. Mwaka 2021 tena. Na katikati ya hapo vita, makambi, vita. Mtu aliyezaliwa hapa ameona lenzi ndefu mara nyingi kuliko alivyoona daktari wa meno, na anajua kwamba mbele yake mtu anatakiwa awe mhanga, aongee taratibu, asimame vizuri.

Ile ya mfukoni ilipokuja, fundi mwenza wake aliitazama kiganjani mwangu na kusema:

“Kale ka apareyi kanatumika kweli?”

Ka-. Kiambishi hicho ambacho vitabu vyetu vya sarufi sanifu vinakipitia haraka, na ambacho huku mashariki ya Kongo kinafanya kazi kila saa: kudogosha, kupendeza, kudharau kidogo. Hakuna shati lililoletwa. Nyundo haikusimama. Nilikuwa uko, si muko. Na maneno yakaanza kudondoka bila kuulizwa, pamoja na matusi aliyostahili msumari uliopinda.

William Labov alilitaja tatizo hili zamani, nasi tumelisoma mwaka wa pili: tunataka kujua watu wanavyosema wasipochunguzwa, na njia pekee tuliyo nayo ni kuwachunguza. Tulilisoma kana kwamba ni tatizo la Wamarekani na tepurekoda zao. Kwa macho yangu limekuwa tatizo lenye uzito unaopimika: gramu 460 za hibridi na lenzi yake zinaleta Kiswahili kimoja, gramu 240 zinaleta kingine.

Msomaji makini atasema labda walikuwa wamenizoea tu ilipofika zamu ya ndogo. Nililifikiria hilo, na kwa mafundi wawili nilianza na ndogo ndipo nikaja na kubwa. Kwa mmoja wao tulikuwa tayari tunataniana. Hibridi ilipotoka kwenye mfuko, Kiswahili cha redio kilirudi. Si chote, lakini kilirudi. Alinyoosha mgongo.

Yaya hakukubaliana na haya hata kidogo. Alinikalisha chini, kama kaka anavyofanya.

“Mdogo wangu, sikiliza. Hii hibridi inalisha watoto. Harusi moja, utoaji wa mahari mmoja, kolasioni mbili, umelipa ada ya mwaka. Ile kitu yako ya mfukoni, nani atakuita harusini nayo?”

“Yaya, sitaki harusi.”

“Leo hutaki. Tarehe ya ada ikifika, utataka.”

Ana haki, na hilo ndilo lililoninyima usingizi kuliko vumbi na tundu la lenzi. Tangu mapigano ya Januari 2025 uwanja wa ndege ulifungwa na benki zikafungwa, na kila familia ninayoijua imehesabu upya. Mteja wa harusi hanunui picha tu. Ananunua pia mtu mwenye kamera kubwa akipiga magoti mbele ya bibi harusi, na wageni waone. Kitu kilekile kinachonikwamisha kwa fundi ndicho kinachomlipa yaya. Kamera inayomfanya mtu anyooshe mgongo ina thamani siku mtu anapotaka kunyoosha mgongo.

Na ndogo ina ubaya wake ambao siwezi kuufunika. Inaweza kuiba. Pale Kituku nilimwona mama mmoja muuza sambaza akimshika mkono kijana aliyempiga picha kwa simu kwa siri. “Umenipiga,” alimwambia, “unilipe.” Waliokuwa karibu walicheka kwa sababu ya kitenzi, yeye hakucheka. Lugha yetu inapiga picha kama inavyopiga mtu, na mama yule hakuona tofauti ya kutosha kuwa mzaha. Mwenye hibridi hawezi kufanya alichofanya kijana yule. Ukubwa wa chombo ni hodi yake. Tena bandarini, mpakani na penye askari, kamera iliyofichwa ikionekana ni hatari kuliko iliyo wazi. Huko mimi sipigi kabisa, na ya aina yoyote.

Katika nchi hii swali la nani anapiga picha ya nani ni la zamani. Mwaka 1904, huko Baringa, mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris alipiga picha ya baba aitwaye Nsala akitazama mkono na mguu wa mtoto wake, vilivyobaki baada ya walinzi wa kampuni ya mpira. Mwaka uliofuata Mark Twain aliandika kitabu kidogo ambamo mfalme Leopold analalamika kwamba kati ya mashahidi wote, Kodak peke yake ndiyo iliyokataa hongo. Picha ile ilifanya kazi yake Ulaya na Marekani. Mimi, kila nikiiona, namtazama Nsala alivyoketi, na nataka kujua alisema nini asubuhi ile, kwa maneno gani, kwa lugha yake. Kodak haikuwa na sikio. Kazi yangu ni sikio kwanza, jicho baadaye.

Kwa hiyo nilichukua ya mfukoni. Niliipata Gisenyi, ng'ambo ya Petite Barrière, kwa dola 260, baada ya muuzaji kuzikataa noti zangu mbili kwa sababu ya mpasuko mdogo kuliko ukucha. Ilibidi nirudi kuzibadilisha kwa hasara. Nimejiwekea utaratibu mmoja: kamera inakaa kiganjani, si mfukoni, mpaka mtu aione, aicheke akitaka, na aseme ndiyo. Picha moja ya uso kwa kila mtu anayekubali, zilizobaki ni za mikono na vyombo. Alfajiri za Kituku zinatoka na chembechembe nyingi pale nisipoweza kusogea karibu, na yaya haachi kunionyesha za kwake, zilizotulia kama ziwa.

Fedha iliyobaki nimeipeleka studio kuchapisha. Kila fundi amepata picha yake, ya karatasi, ya kuweka ukutani. Yule aliyetuma shati aliishika yake kwa ncha za vidole viwili, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaweka kidole chini ya gurudumu la mbele.

“Na hapa,” alisema, “haukuniuliza hapa panaitwaje.”

Nikatoa daftari.