Ile Tik-Tik

Pikipiki ikishafunguliwa injini na kufungwa upya, mwenyewe huisikiliza kama mtoto aliyetoka hospitali. Kila mlio mpya ni ugonjwa.

Kaka yangu anabeba abiria hapa Kitale, na pikipiki yake ni ya mkopo unaolipwa kila siku, jua liwake au mvua inyeshe. Ilipoanza kutoa moshi wa bluu na kunywa oili, ilipelekwa kwa fundi: silinda ikachongwa, pistoni na ringi mpya zikaingia, valvu zikasagwa. Akiba yake yote iliishia hapo, pamoja na malipo yangu ya makala mbili. Siku tatu baadaye ikaanza: tik-tik-tik. Ukipiga resi, inaharakisha.

Stejini kila mtu akawa daktari. Mmoja alisema kiranki imeenda. Mwingine, ati ni cheni ya taimingi. Wa tatu akasema pistoni si ya saizi, akajitolea kufungua injini jioni hiyo hiyo kwa bei ya urafiki. Kaka alikuwa karibu kukubali. Mimi sijui kushika spana, lakini hesabu ya pesa naijua, na ya kufungua injini mara ya pili hatukuwa nayo. Nikamwomba tupitie kwa mzee mmoja mwenye kibanda karibu na soko.

Mzee alisikiliza kwanza. Kisha akachukua bisibisi refu, ncha kwenye injini, mpini sikioni. Chini kwenye kiranki, hakuna. Upande wa cheni, hakuna. Juu kwenye hedi, tik-tik. Akaangalia pale egzosi inapoungana na hedi, kwa sababu gesi ikivuja hapo hulia hivyo hivyo. Hakukuwa na masizi.

"Kiranki hugonga mzito, kama mtu anabisha mlango," akasema. "Pistoni ikilegea hulia zaidi asubuhi, ikipata moto inatulia. Hii ni nyepesi, na haitulii. Ni tapeti."

"Basi kaza tu, mzee, nirudi kazini."

"Tapeti haipimwi injini ikiwa moto, kijana wangu. Chuma kimevimba. Iache hapa, uje asubuhi."

Kaka alinuna. Jioni ndiyo saa ya abiria, na mkopo haujui mambo ya tapeti. Lakini aliiacha.

Asubuhi mzee alifungua vifuniko viwili vya valvu, akazungusha injini kwa spana hadi alama ya T ikakaa mahali pake, valvu zote mbili zikiwa zimefunga. Nafasi inayotakiwa hapo ni ndogo sana, sehemu ya kumi ya milimita au chini yake, na hupimwa kwa vibati vyembamba vya geji. Kwenye valvu ya kuingiza hewa, kibati kilicheza. Nati ya tapeti ilikuwa imelegea. Kumbe huyo ndiye mpiga kelele! Kaka akaanza kutafuta helmeti.

Mzee akahamia valvu ya egzosi. Kibati chembamba kuliko vyote kikakataa kuingia.

"Hii ndiyo ingekula pesa yako," akasema.

Valvu ikisagwa hukaa ndani zaidi, shina lake likapanda, nafasi ikaisha. Ikipata moto hurefuka, inashindwa kufunga vizuri, na isipofunga haipoi. Mwishowe inaungua. Na wakati huo wote hailii.

Nimeifikiria sana hiyo valvu. Kwetu, kaka ndiye wa kelele. Akikwama, mtaa mzima unajua, na mchango unapatikana. Mimi nilikaa chuoni miaka miwili nikila mara moja kwa siku, na nyumbani nikisema niko sawa. Siku niliyorudi na begi, mama aliuliza tu, "Mbona hatukusikia?" Simlaumu. Watu hupeleka kwa fundi kinacholia.

Mzee aliporekebisha zote mbili na kuwasha, bado kulikuwa na mlio mdogo, kama saa ya ukutani. Kaka akauliza kama hauwezi kuisha kabisa.

"Huo uache," mzee akasema, akipangusa mikono. "Ikinyamaza kabisa, niletee."