Maji kwa Kijiko

Yako maradhi yanayotajwa barazani bila kificho, kama sukari na presha, na yako yanayotajwa kwa kunong'ona. Kuharisha ni katika hayo ya pili. Pengine ndiyo sababu elimu yake haikuenea majumbani kama ilivyostahili, ingawa hakuna nyumba isiyoyajua.

Mwaka 1966 nyumba yetu ya Mji wa Kale, Mombasa, ilipotewa na mtoto wa kiume wa miezi 14, ndugu yangu wa pekee. Mimi nilikuwa na miaka 7. Aliharisha maji matupu siku mbili. Wazee waliokuwapo, watu wa huruma na busara, waliamrisha asipewe maji wala titi, kwa kuwa kiingiacho ndicho kitokacho, na tumbo lipumzike. Nakumbuka alivyokuwa akiifuata kwa macho kata ya maji kila mtu alipoteka mtungini. Siku ya tatu hakulia tena, wakasema amepata nafuu. Kabla ya adhuhuri alifariki.

Kule kunyamaza hakukuwa nafuu, kulikuwa kuishiwa. Auaye mtoto anayeharisha, mara nyingi, si yule mdudu aliyeingia tumboni bali ni maji na chumvi zinazomtoka mwilini. Damu huwa nzito, moyo huenda mbio, figo husita, na mtoto hana tena maji ya kutolea machozi. Mdudu mwenyewe ni wa namna nyingi: virusi vya rota kwa wachanga, vijidudu vya maji machafu na chakula kilicholala, amiba, na kipindupindu, ambacho kinaweza kumkausha mtu mzima kwa saa chache. Wengine hutaja meno. Meno huota katika umri uleule ambao mtoto hutambaa na kutia kila kitu kinywani. Lawama imfikie mchanga wa uani, si jino.

Ajabu ya jambo hili ni kwamba utumbo ulioharibika bado una mlango mmoja ulio wazi. Chumvi peke yake hupita kwa shida. Ikifuatana na sukari kwa kipimo, huvuka pamoja nayo, na maji huzifuata. Mwaka 1968 madaktari David Nalin na Richard Cash, waliokuwa Dhaka, walitangaza kuwa wagonjwa wa kipindupindu waweza kutibiwa kwa sehemu kubwa kwa kunywa mchanganyiko wa namna hiyo. Mwaka 1971 wakimbizi wa vita vya Bangladesh walijaa Bangaon, India, na maji ya mishipa yakamalizika. Daktari Dilip Mahalanabis akawapa jamaa za wagonjwa maji ya chumvi na sukari wawanyweshe wenyewe. Vifo katika kambi ile vikashuka kutoka takriban 30 hadi chini ya 4 kwa kila wagonjwa 100.

Mwaka jana kitukuu cha mamangu aliharisha. Mpwa wangu aliketi mkekani akimnywesha kwa kijiko, na mama, ambaye sasa amepita miaka 80, akimtazama. Akauliza, "Dawa gani hiyo?" Akajibiwa, "Ni maji, nyanya, na chumvi na sukari." Mama alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Na sisi tulikuwa na chumvi na sukari."

Nilimweleza habari za ile miaka, 1966 na 1968. Nikamwambia kuwa zama zile hata madaktari wengi waliamini kulipumzisha tumbo, na kwamba hapakuwa na mtu mjini mwetu ambaye angemwambia vingine. Alinisikiliza. Sijui kama zilimtosha. Akaomba apewe kijiko, akaendelea yeye mpaka usiku.

Bora ni pakiti inayotolewa zahanati, kwa kuwa ina pia madini ya potasiamu. Isomwe kiasi cha maji kinachotakiwa, isikisiwe. Ikikosekana, chukueni lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikisawazishwa. Onjeni kwanza: yakizidi chumvi kuliko machozi, mwageni. Yanayobaki baada ya saa 24 yamwagwe pia. Soda haifai, sukari yake nyingi huzidi kuvuta maji tumboni. Dafu ni zuri lakini chumvi yake ni haba, halishiki mahali pa pakiti. Titi lisikatizwe, na uji na chakula viendelee. Akitapika, ngojeni dakika 10, kisha anzeni tena polepole zaidi. Pamoja na hayo mtoto hupewa zinki miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14, na aliye chini ya miezi 6 hupewa miligramu 10. Vidonge vya kufunga tumbo si vya watoto, na antibiotiki hazifai kitu kwa kuharisha kwa kawaida, hata muuza dawa akisifu namna gani.

Kwetu pwani lipo pia suala la visima vilivyochimbwa hatua chache kutoka vyoo vya shimo. Mvua za masika zikinyesha, viwili hivyo huingiliana, na maji hubaki meupe yakionekana. Yachemsheni. Tangu 2014 watoto wa Kenya hupewa pia chanjo ya rota, matone ya kinywani, kuanzia wiki ya 6, msiiruke.

Lakini yako yasiyo ya nyumbani. Damu katika choo, macho kudidimia, utosi kubonyea, ngozi ya tumbo ikifinywa isirudi upesi, kutokojoa kwa saa nyingi, kutapika kila anachopewa, au mtoto kulegea na kukataa kunywa: hapo msingoje asubuhi wala ushauri wa jirani. Mchukueni hospitali saa hiyohiyo, na maadamu aweza kumeza, njiani mwendelee kumnywesha kwa kijiko.